Fundi wa Kujalidi Vitabu Aliyeiona Dhahabu Nyekundu

Kama umewahi kusubiri ule mstari mwekundu kwenye kipimo cha mimba, moyo ukidunda, basi huenda ulikuwa unatazama dhahabu. Sitanii. Katika vipimo vingi vya aina hiyo, wekundu ule hutokana na chembe ndogo mno za dhahabu. Na mtu aliyetangulia kuzichunguza kisayansi hakuwahi kukanyaga chuo kama mwanafunzi.

Jina lake Michael Faraday. Alizaliwa mwaka wa 1791 kusini mwa London, Uingereza. Babake alikuwa mhunzi, tena mgonjwa wa mara kwa mara, na nyumbani hali ilikuwa ngumu. Shuleni alipata kusoma, kuandika na hesabu za kawaida, basi. Akiwa na miaka 14 akawa mwanagenzi kwa George Riebau, aliyejalidi na kuuza vitabu. Alikaa huko miaka saba. Lakini kijana hakuvishona vitabu tu, alivisoma. Umeme aliukuta kwenye ensaiklopidia iliyoletwa kujalidiwa. Kemia akaitoa kwa kitabu cha Jane Marcet.

Mwaka wa 1812 mteja mmoja alimpa tiketi za mihadhara ya Humphry Davy, mwanakemia staa wa enzi hizo, pale Royal Institution. Faraday aliandika kila kitu, akachora michoro, akajalidi kurasa karibu 300 na kumtumia Davy. Unadhani aliitwa kazini kesho yake? Wapi! Alingoja hadi 1813, msaidizi mmoja wa maabara alipofutwa kwa kupigana. Mshahara: shilingi 25 kwa wiki. Walipozuru Ulaya, mke wa Davy alimchukulia kama mtumishi. Ilimuuma, lakini akavumilia.

Mengine unayajua kutoka darasani. Mwaka wa 1831 alionyesha kwamba sumaku ikisogezwa kwenye koili ya waya, umeme huzaliwa. Ile jenereta ya jirani inayopiga kelele stima zikipotea, ni deni tunalodaiwa na Faraday.

Sasa tuje kwa dhahabu. Mwaka wa 1856, akiwa na miaka 64, alikuwa akichunguza jinsi mwanga unavyopita kwenye vipande vyembamba vya dhahabu. Akaona maji yamegeuka mekundu kama rubi. Akayatengeneza makusudi, akitumia chumvi ya dhahabu na fosforasi. Alipopitisha mwali wa mwanga, njia yake ikaonekana ndani ya maji. Akakata kauli kwamba mle kuna dhahabu halisi, vipande vidogo kiasi cha kutoonekana kwa hadubini. Alitoa mhadhara kuhusu jambo hilo mwaka wa 1857. Baadhi ya chupa zake zingalipo London.

Leo chembe hizo hupimwa kwa nanomita, yaani mita moja ukiigawa mara bilioni. Watafiti wa saratani wanazipenda kwa sababu dhahabu huzuia eksirei vizuri kuliko iodini, hivyo uvimbe unaweza kuonekana wazi kwenye skani. Pia dawa inaweza kubandikwa juu ya chembe. Mishipa ya damu ya uvimbe mara nyingi huvuja, kwa hivyo chembe hupenya na kubaki humo. Zingine humulikwa kwa mwanga maalumu, zikapata joto na kuunguza seli za saratani. Lakini tusidanganyane: nyingi huishia kwenye ini, na sehemu kubwa ya kazi hii bado iko kwenye majaribio. Mtu akikuuzia maji ya dhahabu mtaani eti yanaponya saratani, kimbia.

Faraday alikufa mwaka wa 1867, akiwa amekataa kupewa cheo cha Sir.

Mimi niliacha chuo karo iliponishinda, na nimechoshwa na wale wanaosema masomo hayana maana. Faraday haungi mkono maneno hayo. Hesabu za juu zilimpiga chenga maisha yake yote, hadi James Clerk Maxwell, msomi wa Cambridge, akazigeuza hoja zake kuwa hesabu. Pengo la shule ni pengo kweli, na usijidanganye halipo. Lakini lango likifungwa, daftari halijafungwa. Wiki hii umeandika nini kwenye lako?