Shekhar Mehta: bingwa wa Safari kwenye barabara ya watu wote

Shekhar Mehta alishinda Safari Rally ya Kenya mara 5: mwaka 1973, kisha 1979, 1980, 1981 na 1982, mara 4 mfululizo. Wakati ule mashindano hayo yalikuwa yanahesabiwa katika ubingwa wa dunia, na katika miaka yote ya ubingwa wa dunia hakuna shofere mwingine aliyefikisha ushindi 5 pale. Si Mfini, si Msweden, si Mfaransa. Alikuwa mtoto wa Uganda, jirani yetu.

Alizaliwa tarehe 20 mwezi wa 6 mwaka 1945, katika familia ya Wahindi wenye mashamba makubwa. Alianza mashindano ya magari akiwa na miaka 21, na BMW. Mpaka hapo ni hadithi ya kijana wa watu wenye mali anayependa mwendo. Vijana wa namna hiyo ni wengi, hata hapa mjini, na wengi wao hawafiki mbali, kwa sababu wanajua kukanyaga mafuta lakini hawajui wakanyage fasi gani.

Maana kila gari ya mbio ina mwisho wake. Kuna mwendo ambao pneu zinaachilia udongo, kuna kona ambayo freni hazitoshi tena. Shofere wa mashindano lazima aujue mwisho huo, la sivyo atakuwa nyuma siku zote. Lakini kuujua ni mpaka aukaribie, na hapo ndipo swali linakuja: aukaribie wapi? Ulaya jibu lilipatikana zamani. Mwaka 1907 Waingereza walijenga Brooklands, barabara ya mduara ya kukimbiza magari tu, bila soko, bila ng'ombe, bila mtoto anayetoka shule. Mtu akikosea kona pale, anaumia mwenyewe.

Kenya nayo ilikuwa na mduara wake, Langa Langa, upande wa Nakuru katika Bonde la Ufa. Safari Rally ilizaliwa kwa kuukataa mduara huo. Bwana mmoja wa Nairobi, Eric Cecil, alipoombwa kwenda kushindana pale, aliona kuzunguka kona zilezile siku nzima ni kazi ya kuchosha. Yeye alitaka kuingia katika gari, kufunga mlango wake, kuvuka nusu ya Afrika na kurudi. Ndivyo mwaka 1953, Elizabeti wa Uingereza alipokuwa anavikwa taji, magari yalitumwa kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Barabara hazikufungwa. Zilikuwa zilezile za mabasi, baiskeli na mifugo.

Mwenye kupita barabara ya Uvira, kwenye escarpment ya Ngomo kabla ya kushuka Kamanyola, anaweza kuelewa vizuri kuliko Mzungu wa Paris. Afikirie kona za Ngomo, vumbi jekundu, lori limesimama njiani na shofere wake yuko chini anatengeneza. Afikirie mvua imenyesha. Sasa aongeze gari inayotoka nyuma ya kona kwa kilometa 150 kwa saa. Hiyo ndiyo ilikuwa Safari, na iliendelea siku nne au tano, zaidi ya kilometa 5,000, usiku na mchana. Tena tarehe iliyochaguliwa baadaye ilikuwa Pasaka, wakati mvua kubwa inaanza na watu wote wako njiani kwenda kwao.

Kanuni ilikuwa rahisi. Kutoka kituo hadi kituo shofere alipewa dakika zake. Kila dakika ya kuchelewa iliandikwa kama adhabu, na mwenye adhabu kidogo ndiye mshindi. Dakika zenyewe mara nyingi zilipangwa chache kiasi kwamba hakuna anayeweza kufika bila kuchelewa. Mwaka 1963 magari 84 yalitoka Nairobi, 7 tu ndiyo yakafika. Mwaka 1968 yalitoka 93, yakafika tena 7.

Toka 1953 mpaka 1971 hakuna shofere aliyetoka ng'ambo aliyeshinda. Walikuja watu wenye majina makubwa, waliozoea njia za msituni ambazo polisi wamezifunga na kila kona imeandikwa. Waliujua mwisho wa magari yao vizuri sana. Kitu hawakukijua ni mwisho wa barabara: daraja lililobebwa na maji jana usiku, udongo mweusi unaoshika gurudumu kama gundi, shimo ambalo halikuwepo wiki iliyopita. Wenyeji walishinda kwa sababu walikimbia kwa kipimo cha barabara. Hannu Mikkola wa Finland ndiye aliyevunja mlango huo mwaka 1972, na Ford Escort.

Mehta aliingia katika dunia hiyo akiwa na faida ya kuzaliwa ndani yake. Mwaka 1971 alishika nafasi ya pili na Datsun 240Z, nyuma ya Edgar Herrmann wa ekipe ileile ya Datsun. Ilionekana wazi kwamba siku yake inakaribia.

Halafu likaja jambo lisilohusu magari. Mwezi wa 8 mwaka 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi wanapaswa kuondoka Uganda, akawapa siku 90. Makumi ya maelfu walitoka, wengi na sanduku moja mkononi. Familia ya Mehta ilikuwa ndani ya hao. Shekhar akahamia Kenya. Watu wa Bukavu hawahitaji kuelezwa sana maana ya kuacha nyumba, kazi na makaburi ya wazee kwa amri ya siku chache.

Miezi michache tu baadaye, Pasaka ya 1973, alikuwa tena nyuma ya volani. Mwaka ule ndio ulikuwa wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa rali. Yeye na mwenzake Lofty Drews walikimbia na Datsun 240Z, na walipofika mwisho hesabu ilileta mshangao: walikuwa na adhabu sawasawa na Harry Källström, Msweden wa ekipe yao wenyewe. Baada ya siku zote zile hakuna hata dakika moja ya kuwatenganisha. Waamuzi wakaangalia ni nani aliyekwenda mbali zaidi toka mwanzo kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Alikuwa Mehta. Mkimbizi wa Uganda akawa mshindi wa Safari.

Inafaa kusimama kidogo kwenye kazi iliyokuwa inafanyika kabla ya Pasaka, kwa sababu watazamaji hawakuiona. Ekipe kubwa zilifika Kenya wiki nyingi mbele. Mashofere walipita barabara zote za mashindano, wakarudi, wakapita tena, mwenzake wa shofere akiandika katika kitabu: hapa kona ya kulia inafunga, hapa mto, hapa kijiji na shule. Gari ya mazoezi ndiyo iliyosukumwa mpaka kitu kivunjike, mafundi wakaona ni chuma gani dhaifu, wakakiongeza nguvu. Siku ya mashindano kila mmoja alikuwa tayari anajua fasi ya kukimbia na fasi ya kunyanyua mguu. Magari yaliwekwa vyuma mbele juu ya wanyama, na taa ziliwaka hata mchana ili watu wayaone mapema. Baadaye ekipe zenye feza zikaleta helikopta iliyotangulia juu ya gari, ikimwambia shofere kwa redio kwamba kuna ng'ombe nyuma ya kilima.

Hayo yote yalisaidia. Lakini tuseme ukweli: barabara iliyo wazi inabaki wazi. Mwenye duka anayevuka kununua sukari hakuandika jina lake katika mashindano.

Toka 1979 Mehta alikuwa na Mike Doughty pembeni, na Datsun 160J, baadaye ikaitwa Violet. Haikuwa gari ya kutisha. Moteri yake ilikuwa ya lita 2. Mercedes walikuja na 450 SLC ya lita 5, yenye nguvu nyingi zaidi, ikiendeshwa na watu kama Mikkola. Kwenye mstari ulionyooka Datsun haikuweza kuifuata. Mwaka 1979 Mikkola alimaliza wa pili nyuma ya Mehta. Mwaka 1980 Mercedes walirudi, Mehta akashinda tena. Katika barabara ile lita 5 zilikuwa nyingi kuliko zilizoweza kutumika. Datsun ilitumia karibu kila kitu ilichokuwa nacho, siku nzima, na mafundi waliijua kila msumari.

Mwaka 1981 mwenzake wa ekipe, Rauno Aaltonen wa Finland, alimaliza wa pili kwa mara nyingine. Aaltonen alirudi Safari miaka na miaka bila kuipata hata mara moja. Mwaka 1982 aliyebaki nyuma alikuwa Walter Röhrl wa Ujerumani, ambaye mwaka uleule akawa bingwa wa dunia. Mehta alikuwa na miaka 36. Katika mashindano mengine ya dunia mara nyingi aliyekaa pembeni yake kusoma kitabu cha njia alikuwa mke wake, Yvonne.

Baada ya hapo magari yalibadilika haraka. Kanuni za Kundi B ziliruhusu viwanda kutengeneza magari mepesi yenye turbo na nguvu iliyopita farasi 400. Mwaka 1986 mambo yakafika mwisho. Huko Ureno, mwezi wa 3, gari iliacha njia ikaingia katika kundi la watazamaji, watu 3 wakafa. Mwezi wa 5, katika kisiwa cha Corsica, Henri Toivonen na mwenzake Sergio Cresto walianguka bondeni, gari ikawaka moto, wakafa wote wawili. Hizi zilikuwa barabara zilizofungwa, za Ulaya. Magari hayo yakakatazwa katika ubingwa wa dunia toka 1987.

Viwanda vikatafuta fasi nyingine ya kuyakimbiza, vikaona jangwa. Kwa hesabu ya mezani jangwa ni bora kuliko vyote: hakuna nyumba, hakuna mti, hakuna mtu. Peugeot walipeleka 205 Turbo 16 katika Paris-Dakar, na Mehta alikuwa mmoja wa mashofere wao. Mwaka huohuo wa 1987 alikwenda nao Misri katika Rali ya Mafarao. Huko ndiko alikopata ajali iliyokaribia kumuua. Shofere aliyepita miaka karibu 20 kati ya mabasi na ng'ombe za Kenya aliumia vibaya katika mchanga mtupu. Jangwa halina watu, ndiyo, lakini halina alama pia. Kilima cha mchanga hakionyeshi upande wake wa pili mpaka gari iko juu, na hospitali iko mbali sana.

Alipona, lakini mbio zake ziliishia hapo.

Maisha yake ya pili yalikuwa ya ofisini, na huenda ni magumu zaidi kueleza, kwa sababu ofisi haina kikombe. Aliingia katika FIA, shirika linalosimamia michezo ya magari duniani, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 alikuwa rais wa tume yake ya rali. Sasa kazi yake ilikuwa kinyume cha ile ya ujana: kuuliza kama njia inafaa kabla magari hayajapita. Na ni wakati akiwa katika kiti hicho ndipo Safari ilipokimbiwa mara ya mwisho katika ubingwa wa dunia, mwaka 2002. Waandaaji walikosa feza, na viwanda vilikuwa vimechoka na mashindano marefu ya barabara zilizo wazi, yanayodai helikopta na magari ya pekee. Mwaka 2003 Kenya haikuwa tena katika kalenda. Mashindano yaliyompa jina yalitoka katika ubingwa aliokuwa anausimamia.

Alifariki London tarehe 12 mwezi wa 4 mwaka 2006, akiwa na miaka 60. Ilikuwa Jumatano, siku 4 kabla ya Pasaka.

Safari ilirudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021. Haizunguki tena inchi nzima. Ilikimbiwa pembeni ya Naivasha na Elmenteita, sehemu kubwa ndani ya mashamba na hifadhi zenye wenyewe, njia zikafungwa, mifugo ikaondolewa, watazamaji wakapangiwa fasi ya kusimama. Kilometa za mashindano zilikuwa kama 320, kwa zile 5,000 za zamani. Njia mojawapo ilipita Soysambu, katika bonde lilelile ambako Eric Cecil alikataa kuzunguka. Mshindi alikuwa Sébastien Ogier, Mfaransa. Kwa wenyeji, Carl Tundo wa Kenya alikuwa ameshafikisha ushindi wake wa 5 mwaka 2018, wakati Safari ikiwa nje ya ubingwa wa dunia, na hivyo kuifikia hesabu ya Mehta.