Shaaban Robert: Aliyebuni Nchi Angani ili Aisemee Nchi Yake



Katika mafundisho ya Kipaimara hapa Itiryo huzuka mara kwa mara swali ambalo wazazi nao huliuliza kwa wasiwasi: je, ni halali kwa kijana Mkristo kusoma au kutazama hadithi za nchi zisizokuwapo, zenye majini, wanyama wasemao na wafalme wasioonekana katika ramani yoyote? Wapo wanaoziita uongo mtupu. Wapo wanaohofu kwamba zitamtoa mtoto katika imani. Swali hili ni la haki. Badala ya kulijibu kwa amri, napenda tulitazame kupitia maisha ya Mtanganyika mmoja ambaye wengi wetu tulivisoma vitabu vyake shuleni, tukafanya mtihani, kisha tukavisahau.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, Machui, karibu na mji wa Tanga. Jina la Robert limewafanya wengi wadhani kuwa alikuwa Mkristo, lakini alikuwa Mwislamu, akaishi na kufa katika dini hiyo. Alizaliwa chini ya utawala wa Wajerumani, akakua chini ya Waingereza. Kati ya mwaka 1922 na 1926 alisoma Dar es Salaam, na masomo yake ya darasani yakaishia hapo. Hakupata kuingia chuo kikuu. Yaliyobaki alijifunza mwenyewe, kwa kusoma na kwa kusikiliza watu.

Mwaka 1926 aliajiriwa kuwa karani wa forodha, kazi aliyoifanya kwa takribani miaka 18, pamoja na kukaa Pangani. Baadaye alihamishiwa idara ya wanyamapori, kisha ofisi ya wilaya ya Tanga, na mwishowe idara ya upimaji wa ardhi. Tufikiri kidogo juu ya maisha hayo. Mchana kutwa alinakili barua za serikali ya wageni. Alipotoka kazini alishika kalamu yake mwenyewe. Aliona jinsi amri zinavyotungwa, jinsi mnyonge anavyosubiri mlangoni, na jinsi mwenye cheo anavyoweza kumfunga mtu kwa neno moja. Naye, akiwa mtumishi wa serikali hiyo hiyo, hakuwa na uhuru wa kusimama hadharani na kuishitaki.

Nyumbani pia alionja uchungu. Mkewe Amina alifariki dunia, akamwacha na watoto, naye akamlilia kwa shairi ambalo hadi leo huhesabiwa miongoni mwa maombolezo mazuri ya Kiswahili. Kwa ajili ya binti yake alitunga utenzi wa mausia, na kwa mwanawe wa kiume akatunga mwingine. Alikuwa baba aliyetaka watoto wake warithi maadili kabla ya mali.

Ndipo, mwaka 1951, kikatoka kitabu chake kiitwacho Kusadikika. Ni habari ya nchi isiyo ardhini wala baharini, bali inayoelea angani. Katika nchi hiyo kijana mmoja aitwaye Karama anaanza kufundisha watu elimu ya sheria. Waziri mmoja, Majivuno, anaona hatari: raia wakijua sheria, wakubwa watahojiwa. Karama anashitakiwa mbele ya mfalme. Anaomba asikilizwe, naye anapewa siku sita za kujitetea.

Utetezi wake ni wa ajabu. Hajisemei yeye mwenyewe. Kila siku anasimulia habari ya mjumbe mmoja kati ya sita waliotumwa zamani na Kusadikika: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alivumilia taabu nyingi, akaona jinsi wengine wanavyoishi kwa haki, akarudi amebeba maarifa ya kuwafaa watu wake. Na kila mmoja, badala ya shukrani, alipewa kifungo. Siku ya sita inapokwisha, baraza haliwezi tena kumhukumu Karama bila kujihukumu lenyewe. Karama anaachiliwa, na wajumbe waliokuwa gerezani wanafunguliwa.

Wachambuzi wengi wameitambua katika nchi hiyo ya angani sura ya Tanganyika ya wakati wa ukoloni. Karani aliyezuiwa kusema juu ya ardhi aliyoikanyaga aliinua nchi nzima hadi mawinguni, na huko akaiambia kweli. Lakini kitabu hakikufa na ukoloni, kwa maana kila mwenye mamlaka anaweza kujikuta ndani yake: afisa, mzee wa ukoo, baba wa familia, hata padre.

Mwaka uliofuata alitoa Adili na Nduguze, hadithi ya ndugu watatu. Hasidi na Mwivu, kama majina yao yanavyowatangaza, wanamwonea kijicho ndugu yao Adili hata wanamtupa baharini. Jini Huria anamwokoa, anawageuza ndugu hao kuwa manyani, na kumwamuru Adili awapige kila usiku. Adili anatii huku moyo ukimuuma, kwa sababu hajaacha kuwapenda. Mwishowe, kwa maombezi ya mfalme, manyani wanarudishiwa ubinadamu wao. Mkristo anayeijua habari ya Yosefu na kaka zake hatapotea njia hapa. Wivu humshusha mtu chini ya utu wake, na msamaha humrudisha alikotoka.

Nchi nyingine aliyoibuni, Kufikirika, ilichapishwa mwaka 1967, wakati mwenyewe alikwisha kulala kaburini. Alituzwa tuzo ya Margaret Wrong na nishani ya MBE ya Uingereza. Aliiona Tanganyika ikijitawala tarehe 9 Desemba 1961, na miezi sita tu baadaye, Juni 1962, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 53. Alizikwa kwao Machui.

Katika miaka hiyo hiyo, mbali sana na Tanga, Mkatoliki mmoja wa Uingereza alikuwa akifanya kazi inayofanana na hiyo. J. R. R. Tolkien, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyefiwa na wazazi wote wawili akiwa mtoto na kulelewa chini ya uangalizi wa padre, alibuni dunia kamili yenye lugha, milima na historia yake. Kitabu chake kikubwa, The Lord of the Rings, kilitoka kati ya mwaka 1954 na 1955. Yeye alieleza sababu yake kwa namna ya kiimani: mwanadamu huumba kwa sababu ameumbwa kwa mfano wa Muumba. Hatuwezi kuumba kutoka patupu kama Mungu, lakini tunaweza kuupanga upya ulimwengu aliotupa, ndani ya fikra, ili tuuone vizuri zaidi.

Maandiko Matakatifu yenyewe yanaijua njia hii. Mfalme Daudi alipokuwa amemwua Uria na kumchukua mkewe, nabii Nathani hakuanza kwa kumtaja dhambi yake. Alimsimulia habari ya maskini na mwana-kondoo wake mmoja. Daudi alikasirika, akatoa hukumu, na hapo ndipo alipoambiwa kwamba mhalifu ni yeye. Bwana wetu naye alifundisha kwa mifano. Msamaria mwema hatafutwi katika kitabu cha ubatizo cha parokia yoyote, lakini hakuna anayemwita uongo. Uongo hukusudia kumdanganya msikilizaji. Mfano humwendea kwa njia ya kando, kwa kuwa mlango wa mbele ameufunga mwenyewe.

Basi, tusizihukumu hadithi za kubuni zote pamoja, na tusizipokee zote pamoja. Tuziulize swali moja: baada ya kuzuru nchi hiyo ya fikra, kijana wangu amerudi nyumbani akiwa na macho gani? Ikiwa amejifunza kufurahia ukatili au kutumainia uchawi, hadithi hiyo imemwibia. Ikiwa amerudi akichukia udhalimu na kumwonea huruma aliyefungwa bila kosa, imemjenga.

Nasi wa Itiryo tunayo sababu ya pekee ya kukirudia kitabu cha Kusadikika. Tunawatuma watoto wetu shuleni, Tarime, Musoma na Mwanza, kama wajumbe wale sita. Binti anarudi akisema kwamba hatapitia kisu cha ukeketaji. Kijana anarudi akikataa kulipiza kisasi cha ukoo. Tunawapokeaje? Tunaketi na kuwasikiliza, au tunasema wameharibiwa na wageni na kuwafungia nje ya ukoo? Mara nyingi gereza la Kusadikika limejengwa kwa ulimi wa mzazi.

Napendekeza kwamba jumuiya ndogo ndogo zitafute kitabu hicho, kwa kuwa si kirefu, na kukisoma kwa zamu jioni baada ya sala, wazee wakiwa pamoja na vijana. Kila mmoja ajiulize kimoyomoyo amekaa upande gani wa baraza: penye kiti cha Majivuno, au pale aliposimama Karama.

Mungu atujalie masikio ya kuwasikia wajumbe anaotuletea, hata wanapotoka katika nyumba zetu wenyewe. Amina.