Ni Nani Aliye Mkuu? Maisha ya Daktari Edward Jenner

Ubishi juu ya nani aliye mkuu si jambo geni. Wanafunzi wa Bwana wetu walibishana hivyo njiani walipokuwa wakienda Kapernaumu, nao walipoulizwa walikuwa wakizungumza nini, walinyamaza. Hata leo vijana wetu hubishana. Mmoja humtaja Aleksanda wa Makedonia, mwingine Napoleon Bonaparte, mwingine Isaac Newton. Bwana wetu hatumweki katika mashindano hayo, kwa maana Yeye hapimwi pamoja na wengine. Lakini miongoni mwa wanadamu wa kawaida, sisi twaona liko jina moja ambalo halitajwi mara nyingi kama linavyostahili, nalo ni la daktari wa shamba, mtoto wa kasisi. Twaomba mfuatane nasi katika maisha yake, kisha mtahukumu wenyewe.

Edward Jenner alizaliwa tarehe 17 Mei 1749 katika mji mdogo wa Berkeley, jimbo la Gloucestershire, huko Uingereza. Baba yake, Stephen Jenner, alikuwa kasisi wa mtaa huo, na Edward alikuwa mtoto wa nane kati ya watoto tisa. Mwaka 1754 baba na mama wote wawili walifariki, naye akaachwa yatima akiwa na umri wa miaka mitano tu. Akalelewa na ndugu zake wakubwa.

Siku zile ndui ilikuwa hofu ya kila nyumba. Aliyepatwa alishikwa na homa kali, kisha mwili ukajaa malengelenge yenye usaha, hasa usoni na mikononi. Katika kila wagonjwa kumi, watatu hivi walikufa. Waliopona walibaki na makovu, na wengine wakawa vipofu. Wazee wetu nao waliijua, kwa maana katika karne ya 19 ndui ilisafiri pamoja na misafara kutoka pwani hadi bara.

Kinga iliyokuwapo ilikuwa yenyewe ni hatari. Watu walichukua usaha wa mgonjwa wa ndui wakamchanja mtu mzima wa afya, ili augue kidogo na asipatwe tena. Desturi hii ilijulikana tangu kale huko Asia na katika sehemu za Afrika, na mwaka 1721 Lady Mary Wortley Montagu, aliyeiona Uturuki, aliianzisha Uingereza. Wengi walipona, lakini wengine walikufa, na aliyechanjwa aliweza kuwaambukiza jirani zake ndui kamili. Edward mwenyewe alichanjwa hivyo akiwa mtoto wa miaka minane. Kwanza alitolewa damu na kunyimwa chakula ili kumtayarisha, kisha akawekwa bandani pamoja na watoto wengine mpaka ugonjwa ulipopita.

Alipokuwa kijana alijifunza kazi kwa daktari wa upasuaji wa mji wa Chipping Sodbury. Mwaka 1770 alikwenda London kusoma katika Hospitali ya St George's chini ya John Hunter, mpasuaji mashuhuri aliyemzoeza kujaribu jambo badala ya kulikisia tu. Angeweza kubaki London na kupata fedha nyingi, lakini alirudi Berkeley kuwatibu watu wa kwao. Alipenda pia kuchunguza ndege, na kwa uchunguzi wake juu ya kekeo alipokewa katika Royal Society, chama cha wataalamu wakuu wa Uingereza.

Basi, wakulima wa nchi ile walikuwa na neno lao. Walisema kwamba wanaokamua maziwa, wakiisha kuambukizwa ndui ya ng'ombe, ambayo huleta vidonda vichache mikononi na kupona, hawapatwi kamwe na ndui ya watu. Mwaka 1774 mkulima mmoja wa Dorset, Benjamin Jesty, alikuwa ameliamini neno hilo hata akamchanja mke wake na wanawe wawili. Lakini waganga wengi waliliona kuwa ni maneno ya watu wasiosoma. Jenner hakuwadharau wakamuaji. Aliwasikiliza, akaandika habari zao kwa miaka mingi, ndipo akaamua kujaribu.

Tarehe 14 Mei 1796 alichukua usaha katika kidonda kilichokuwa mkononi mwa msichana mkamuaji, Sarah Nelmes, akamchanja nao James Phipps, mtoto wa miaka minane, ambaye baba yake alikuwa mtunza bustani wake. Mtoto alipata homa kidogo, akapona. Tarehe 1 Julai Jenner akamchanja kwa ndui yenyewe, na ugonjwa haukutokea. Hapa hatupaswi kupita haraka. Mtoto yule hakuulizwa, naye alikuwa mtoto wa maskini. Ni kweli kwamba kuwachanja watoto kwa ndui lilikuwa jambo la kawaida wakati ule, lakini leo hakuna daktari ambaye angeruhusiwa kufanya vile. Jenner hakumsahau Phipps. Baadaye alimpa nyumba akae bila kulipa kodi.

Alipopeleka habari zake kwa Royal Society, zilikataliwa. Hakukata tamaa. Aliongeza majaribio, na mwaka 1798 akapiga chapa kitabu chake kwa gharama yake mwenyewe, chenye habari za watu 23. Wengine walimcheka. Mwaka 1802 ilitolewa picha ya mzaha iliyowaonyesha waliochanjwa wakiota vichwa vya ng'ombe mwilini! Lakini ukweli ulisafiri upesi kuliko mzaha. Napoleon, ingawa alikuwa vitani na Waingereza, aliagiza askari wake wachanjwe. Mwaka 1803 mfalme wa Hispania alituma meli kwenda Amerika, nayo ilichukua watoto yatima 22. Chanjo ilihamishwa kutoka mkono wa mtoto mmoja hadi wa mwingine, ili ifike ng'ambo ya bahari ikiwa bado hai.

Bunge la Uingereza lilimpa Jenner pauni 10,000 mwaka 1802, na pauni 20,000 mwaka 1807. Hakufanya njia yake kuwa siri ya kuuza, bali alipeleka chanjo kwa yeyote aliyeiomba. Katika bustani yake ya Berkeley kilikuwako kibanda kidogo, na humo aliwachanja maskini bure.

Hata hivyo, yeye aliyeokoa watoto wa wengine hakuweza kuwaokoa wa kwake. Mwanawe mkubwa alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1810, na mkewe Catherine akafa kwa ugonjwa huo huo mwaka 1815. Baada ya hapo Jenner alikaa zaidi kwao Berkeley. Alifariki tarehe 26 Januari 1823, akazikwa katika kanisa la mtaa ambao baba yake aliuhudumia.

Kazi yake haikuishia hapo. Mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani lilianza juhudi kubwa ya kuifuta ndui. Mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, mwezi Oktoba 1977, naye alipona. Tarehe 8 Mei 1980 ilitangazwa kwamba ndui imekwisha duniani. Ni ugonjwa wa kwanza wa wanadamu kufutwa kabisa.

Mtu aweza kusema kwamba sifa hii si ya Jenner peke yake, nasi twakubali. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wako Jesty, Sarah Nelmes, mtoto Phipps, wale yatima wa meli, na wachanjaji wengi wasiojulikana majina, waliokwenda kijiji kwa kijiji kwa miguu. Lakini yeye ndiye aliyelichukua neno la wakulima, akalithibitisha, akaugawia ulimwengu.

Mwaka 1858 sanamu yake iliwekwa Trafalgar Square, London, katikati ya sanamu za watu wa vita. Wengi walinung'unika, na mwaka 1862 ikahamishiwa bustani ya Kensington. Majemadari wakabaki pale pale. Labda huo ndio ubishi wetu wote kwa ufupi. Twawahesabia ukuu walioua maelfu, na aliyeokoa mamilioni twamweka bustanini.

Sisi tumekwisha kusema letu. Ninyi mwaweza kumchagua mwingine. Lakini kabla ya kuchagua, mtazameni mtoto wa jirani usoni na mikononi, mtafute kovu la ndui. Hamtaliona.