Daktari Krajewski, Mwalimu wa Wanyanyua Vyuma

Wengi wenu mmepita kwenye makaburi ya Wapolandi hapa Tengeru. Watu hao waliletwa mwaka 1942 wakiwa wakimbizi wa Vita Kuu ya Pili, wakakaa kwetu miaka kadhaa. Leo napenda kuwasimulia maisha ya mtu wa taifa lao, aliyefariki zamani kabla ya vita hivyo, wala hakuiona Tengeru. Laiti ningalijua habari zake mapema, nisingalifanya kosa nililolifanya muhula uliopita.

Daktari Władysław Krajewski alizaliwa Warsaw mwaka 1841, wakati mji huo ulipokuwa chini ya mfalme wa Urusi. Akasomea udaktari, kisha akahamia St. Petersburg, uliokuwa mji mkuu wa Urusi, akawatibu watu huko. Alikuwa amekwisha pita miaka 40 alipoanza mwenyewe kunyanyua vyuma. Mwezi wa Agosti 1885 akawakusanya rafiki zake nyumbani kwake, wakaunda chama cha wanyanyua vyuma. Chama hicho ndicho kinachohesabiwa kuwa mwanzo wa mchezo huu nchini Urusi.

Siku zile watu wenye nguvu walionekana zaidi katika sarakasi, wakijionyesha kwa ajili ya fedha. Daktari alishika njia nyingine. Kwanza alimpima mtu mwili wake, ndipo akampa vyuma vyepesi na kumwongezea kidogo kidogo. Pombe na tumbaku aliwakataza wanafunzi wake.

Mmoja wao alikuwa George Hackenschmidt, aliyezaliwa Estonia mwaka 1877. Kijana huyo alikuwa akijifunza ufundi kiwandani, akaumia, na daktari aliyemtazama alikuwa Krajewski. Akaona kwamba mwili wa kijana ule ni wa ajabu, akamkaribisha kwake St. Petersburg mwaka 1898, akamlea kama mwanawe. Mwaka ule ule, mjini Vienna, Hackenschmidt akawa wa tatu katika mashindano ya dunia ya kunyanyua vyuma, na katika mieleka akawa bingwa wa Ulaya. Baadaye alijulikana duniani kote, akafa London mwaka 1968, mzee wa miaka 90.

Daktari mwenyewe aliandika kitabu juu ya kukuza nguvu za mwili, akafariki mwaka 1901.

Sasa nieleze kosa langu. Mvulana mmoja wa timu yetu aliniomba nimwongezee uzito. Wenzake walikuwa wakimshangilia, nami, ingawa niliona mgongo wake umepinda na magoti yake yanaingia ndani, nikaongeza. Akaumia kiuno, akakaa wiki tatu bila kucheza. Nilikwenda nyumbani kwao kuwaomba radhi wazazi wake. Hawakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi.

Tangu hapo tumeanza upya. Katika Michezo ya Olimpiki siku hizi kuna namna mbili za kunyanyua: kupeleka chuma juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja, na kukipeleka kwanza mabegani, kisha juu. Zote mbili tunazifanya kwa ufito mtupu. Miguu iachane kadiri ya nyonga, mgongo unyooke, chuma kipite karibu na mwili, na nguvu itoke miguuni kabla ya mikono. Mwenye kukosea harudi kwenye uzito, hurudi kwenye ufito.

Basi, wazazi wapenzi, mkipita uwanjani mkawaona vijana wenye vifua vipana wakinyanyua ufito kwa bidii, msicheke. Yule aliyeumia yumo miongoni mwao. Juzi aliniuliza lini atapewa chuma. Nikamwambia asubiri, naye akainama tena, mgongo umenyooka kabisa.