Carrie Stevens: Fundi kofia aliyempiga chenga samaki

Wapo wachezaji ambao hawajapita akademi yoyote. Wanatoka mchangani, wanaingia uwanjani, na siku hiyohiyo watu wanaanza kuulizana huyu ametokea wapi. Kwenye uvuvi wa ndoana, mchezaji wa aina hiyo alikuwa mama mmoja wa Marekani, Carrie Stevens.

Alizaliwa mwaka 1882 katika jimbo la Maine. Kazi aliyoijua ni kutengeneza kofia za akina mama, zile za kupambwa kwa manyoya ya ndege. Mumewe, Wallace, alikuwa akiongoza wavuvi wageni, na wawili hao waliishi Upper Dam, kwenye bwawa linalotenganisha maziwa mawili yenye samaki aina ya trauti.

Julai 1, 1924, mama Carrie aliacha kazi za nyumbani katikati, akakaa kufunga chambo cha manyoya. Alitaka kifanane na smelt, vidagaa vinavyoliwa na trauti wa huko. Akakichukua, akaenda nacho bwawani. Haikupita muda akanasa trauti wa ratili 6 na wakia 13, yaani kilo tatu na ushei. Kwa trauti wa maji yale, si mchezo!

Samaki huyo akaingizwa kwenye shindano la jarida la Field & Stream, akashika nafasi ya pili. Lakini wasomaji walitaka kujua kanaswa na nini. Oda zikaanza kumiminika, na fundi kofia akawa fundi chambo.

Kati ya vyambo zaidi ya 100 alivyobuni, kilichovuma kuliko vyote ni Gray Ghost. Tazama kilivyofungwa. Unachukua ndoana yenye shina refu, unalizungushia uzi wa hariri wa rangi ya chungwa, juu yake unapitisha utepe mwembamba unaong'aa kama fedha. Chini unafunga nyuzi chache za unyoya wa tausi na nywele nyeupe za mkia wa kulungu, hilo ndilo tumbo la dagaa. Juu unalaza manyoya marefu ya kijivu ya jogoo, mawili kila upande, huo ndio mgongo. Shavuni unaweka unyoya wa kuku mwitu wa India wenye doa linalong'aa, na hapo dagaa amepata jicho.

Ujanja wake ulikuwa kwenye gundi. Manyoya ya kila upande aliyabandika kwanza pamoja na shavu na jicho, ndipo akayafunga kichwani mwa ndoana. Kikivutwa majini, manyoya yanalala, mwili unakuwa mwembamba, chambo kinakimbia kama dagaa aliyeshtuka. Trauti ni kama beki mwenye pupa. Akiona hivyo anajirusha, kumbe kapigwa chenga!

Na mafundi wengi hubana ndoana kwenye jiliwa ili mikono yote miwili iwe huru. Mama Carrie hakutumia. Ndoana aliishika kwa vidole, akafunga kwa vidole, maana hakuna aliyemfundisha njia nyingine. Kichwani alimalizia kwa mzunguko mdogo wa uzi mwekundu, kama jezi yenye namba yake, na leo wakusanyaji wa vyambo vya zamani wanamtambua kwa mzunguko huo.

Alistaafu mwaka 1953, biashara akaiuza. Mwaka 1970 jimbo la Maine lilitenga siku kwa heshima yake, na kibao cha kumbukumbu kikawekwa Upper Dam. Mwaka huohuo akafariki, akiwa na miaka 88.

Mshindi wa kwanza wa shindano lile, nani anamkumbuka? Aliyeshika nafasi ya pili, chambo chake bado kinafungwa na kutupwa majini mpaka leo.