Frederick Sanger: Msomaji wa Herufi Nne

Frederick Sanger alizaliwa mwaka wa 1918 katika kijiji cha Rendcomb, Uingereza, akiwa mwana wa daktari. Kutokana na malezi ya Kikweka, alikataa kushika silaha katika Vita Vikuu vya Pili, akabakia Cambridge akifanya utafiti. Mwaka wa 1958 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kubainisha mfuatano wa asidi-amino za insulini. Wengi wangetosheka na hayo.

Yeye aligeukia DNA. Herufi zake ni nne tu, A, C, G na T, lakini zimepangana kwa maelfu. Zingesomwaje? Mbinu aliyoichapisha pamoja na wenzake mwaka wa 1977 yastaajabisha kwa wepesi wake. Kimeng'enya kilinakili kipande cha DNA katika neli nne. Kila neli ilitiwa kiasi kidogo cha herufi moja iliyokosa kishikizo cha kuungia ifuatayo. Nakala ilipoipokea, ilikoma papo hapo. Vipande hivyo, vyenye alama ya mnururisho, vilipitishwa kwenye jeli kwa umeme. Vifupi vilitangulia, virefu vikachelewa, na filamu ikasomwa kutoka chini kwenda juu.

Mwaka wa 1980 alipata Nobel ya pili, mtu wa kwanza kuipata ya Kemia mara mbili. Mwaka wa 1982 kundi lake lilichapisha herufi 48,502 za kirusi lambda.

Alistaafu mwaka wa 1983, akaingia bustanini mwake. Hadhi ya kuitwa Sir aliikataa, kwani hakutaka kutengwa na wenzake. Alifariki Cambridge tarehe 19 Novemba, 2013.