JENERALI DANIEL JAMES, RUBANI WA VITA

Wanafunzi wenzangu, wengi kati yetu wanasema watarusha ndege. Basi musome habari za Daniel James, aliyeitwa Chappie na wenzake.

Alizaliwa tarehe 11/2/1920 kule Pensacola, Florida, katika inchi ya Marekani, mutoto wa 17 kwa mama yake. Wakati ule weusi walikatazwa kusoma pamoja na wazungu, kwa hiyo mama Lillie alifungua masomo yake mwenyewe nyumbani. Fikirini: mama na mwalimu ni mtu mumoja, utafichama wapi?

Kule Tuskegee alijifunza urubani, na mwaka 1942 akamuoa Dorothy Watkins. Mwaka 1943 akapata cheo cha ofisa. Lakini jeshi lilitenga watu. Mwezi wa nne 1945, kule Freeman Field, maofisa weusi zaidi ya mia moja wa kundi lake walifungwa, juu ya kukataa kutia sahihi amri ya kuwazuia kuingia katika klabu ya maofisa wazungu. Wengine wangeacha kazi. Yeye alibaki.

Alikuwa mrefu sana, karibu mita 1,93, ndani ya ndege ndogo za vita! Aliruka mara 101 katika vita vya Korea, kiisha mara 78 juu ya Vietnam ya Kaskazini. Tarehe 1/9/1975 akawa mweusi wa kwanza wa Marekani kupata nyota ine za jenerali.

Alistaafu 1/2/1978. Tarehe 25 mwezi uleule moyo ukasimama. Dorothy alibaki na watoto watatu. Mumoja, Daniel kama baba yake, alikuwa rubani wa vita vilevile, akafika nyota tatu.